Vitabu vya sheria ya Kiyahudi vya miaka 500: kwa nini kimoja kinauzwa mabilioni na kingine hakipati mteja

Kila mnada mkubwa wa New York ukiuza kitabu cha Kiyahudi kwa hela ya kutisha, magrupu ya WhatsApp yanachafuka. Ilikuwa hivo mwezi wa tano 2023 pale Sotheby's walipouza Biblia ya Kiebrania inayoitwa Codex Sassoon kwa dola milioni 38.1, ghafla kila mtu ana maelezo yake, huyu anasema ni Talmudi, yule anasema ni Torati aliyoandika Musa kwa mkono wake, na wengine wakaanza kusambaza klipu za vitabu vya ngozi vyenye maandishi ya dhahabu vilivyokamatwa na polisi kule Uturuki, eti navyo vina bei hiyohiyo. Ni vitu tofauti kabisa vilivyochanganywa pamoja. Codex Sassoon ni Biblia iliyoandikwa kwa mkono miaka 1,100 hivi iliyopita, Talmudi ni kitabu kingine kabisa, na vile vya dhahabu nitavieleza mbele.

Mi nataka tuongelee kundi ambalo halitajwi sana kwenye hizo klipu lakini ndo linawakosesha usingizi watu wanaokusanya vitabu vya Kiebrania, nalo ni vile vitabu vya sheria vilivyochapwa mwanzoni kabisa, mashine ya chapa ilipokuwa bado kitu kipya duniani. Ukielewa hivi, mengine yote yanakaa sawa.

Tuanze na majina maana hapo ndo wengi wanapotea. Torati ni vitabu vitano vya Musa, hiyo mnaijua. Mishna ni mkusanyiko wa mafundisho ya sheria uliopangwa karibu mwaka 200 baada ya Kristo, maneno mafupi mafupi, hiki kinafaa hiki hakifai, rabi huyu kasema hivi na mwenzake kasema vile. Talmudi ni mijadala ya marabi juu ya hiyo Mishna, kizazi baada ya kizazi, na ile maarufu zaidi ilikamilika Babeli, yani Iraki ya leo, kwenye mwaka 500 hivi. Na sheria yenyewe, mambo ya kula, kuoa, kuachana, kukopeshana, kusali, kurithi, Wayahudi wanaiita halakha.

Sasa Talmudi inabishana kurasa kwa kurasa na mara nyingi haikupi jibu la mwisho, mtu anataka kujua tu huyu kuku kachinjwa sawasawa au la, hawezi kusubiri mjadala wa marabi 40. Ndo wakatokea wanazuoni wa kuchuja na kupanga. Isaac Alfasi wa Fez, Morocco, karne ya 11. Maimonides, aliyeishi Misri, akamaliza Mishneh Torah karibu mwaka 1180, vitabu 14 ndani yake. Jacob ben Asher, Hispania, karne ya 14, akaandika Arba'ah Turim yenye sehemu nne: sala na sikukuu, vyakula na mengine ya halali na haramu, ndoa na talaka, halafu mali na madai. Mwisho Yosef Karo wa Safed, mji wa kaskazini mwa Israeli ya leo, akaandika Shulchan Aruch, iliyochapwa Venice mwaka 1565 kwa mpangilio uleule wa sehemu nne, na miaka michache baadaye Moses Isserles wa Krakow akaiongezea desturi za Wayahudi wa Poland na Ujerumani. Hadi leo rabi akiulizwa swali anaanzia humo. Angalieni kitu kimoja hapo, wawili kati ya hao wanatajwa pamoja na Fez na Misri, yani Afrika imo ndani ya hii habari tangu mwanzo kabisa na sio kwa kubandikwa.

Haya, uchapaji. Gutenberg, fundi wa mashine ya chapa, alimaliza kuchapa Biblia yake Ujerumani kwenye mwaka 1455. Vitabu vyote vilivyochapwa Ulaya kabla ya mwaka 1501 kuanza vinaitwa inkunabula, na kwa lugha zote vinafika matoleo karibu 30,000. Vya Kiebrania ndani ya hayo yote ni matoleo kama 140 tu. Baadhi yake hayajabaki hata kitabu kizima kimoja, ni vipande.

Vya kwanza vilitoka Roma, kati ya 1469 na 1473 hivi, havina tarehe, na humo kuna vitabu vya sheria kama majibu ya maswali ya rabi Solomon ibn Adret wa Barcelona. Cha kwanza chenye tarehe ni maelezo ya Rashi, rabi wa Ufaransa wa karne ya 11, juu ya Torati, kilichapwa na Abraham Garton huko Reggio Calabria, kusini kabisa mwa Italia, Februari 1475. Kopi inayojulikana duniani ni moja, iko maktaba ya Palatina mjini Parma. Moja! Na mwaka huohuo, mwezi wa saba, Meshullam Cusi akamaliza Arba'ah Turim kwenye mji mdogo wa Piove di Sacco karibu na Padua. Kwa hiyo kati ya vitabu viwili vya kwanza vya Kiebrania vyenye tarehe, kimoja ni cha sheria, na sio ajabu, maana watu wananunua kwanza kitabu wanachokihitaji kila siku.

Baada ya hapo ukoo wa Soncino ukaingia, wakachapa sehemu ya kwanza ya Talmudi mwaka 1484 kwenye mji uliowapa jina, na Mishneh Torah mwaka 1490. Hispania na Ureno nako mashine zilikuwa zinafanya kazi vizuri, halafu 1492 Wayahudi wakafukuzwa Hispania na miaka michache baadaye Ureno. Wachapaji wakaondoka na ujuzi wao. Ndugu wawili, David na Samuel ibn Nahmias, walifika Constantinople, yani Istanbul ya leo, na mwaka 1493 wakachapa Arba'ah Turim, na hicho ndo kitabu cha kwanza kuchapwa kwenye dola yote ya Uthmaniyya kwa lugha yoyote ile. Samuel Nedivot na mwanae Isaac wao walivuka kwenda Fez, na mwaka 1516 wakatoa kitabu cha Abudarham, maelezo na sheria za sala, wakiiga toleo la Lisbon la 1489. Hicho ndo kitabu cha kwanza kuchapwa kwenye bara la Afrika. Mi naona kila mtoto wa shule wa bara hili angetakiwa akijue. Kitabu chetu cha kwanza cha mashine kilichapwa na wakimbizi, na kilikuwa kitabu cha sheria za sala.

Sasa tumfikie mtu aliyebadilisha kila kitu, Daniel Bomberg. Huyu alikuwa Mkristo kutoka Antwerp, alifungua kiwanda cha chapa Venice, na kati ya 1519 na 1523 akatoa Talmudi ya Babeli yote kwa mara ya kwanza, kwa ruhusa ya Papa Leo wa Kumi. Hapa naomba tusimame kidogo, maana kuna uvumi wa miaka mingi kwamba Talmudi ni kitabu cha siri ambacho Wayahudi wanakificha wasiokuwa wao wasikione. Toleo la kwanza kamili lilichapwa na Mkristo, Papa akajua, likauzwa hadharani mjini Venice. Siri gani hiyo.

Ukiufungua ukurasa wa Talmudi unaona maandishi katikati na mengine yameyazunguka pande zote. Fikiria baraza la wazee, katikati kakaa mzee mkubwa kuliko wote anaongea, pembeni yake Rashi anafafanua maneno magumu, upande wa pili wajukuu na wanafunzi wa Rashi wanauliza mbona hapa mzee kasema hivi na kule kasema vile, na wote hawa wameachana kwa mamia ya miaka ila karatasi imewakalisha pamoja. Mpangilio huo Soncino ndo walioanza nao, Bomberg akaueneza kwenye Talmudi nzima na akaipa karatasi zake namba. Namba hizo ndo zinatumika mpaka leo. Kila sehemu ya Talmudi inaanza karatasi ya 2, kwa sababu karatasi ya 1 ilikuwa ya jina la kitabu. Tangu 1923 Wayahudi wengi duniani wanasoma karatasi moja kila siku, wote karatasi ileile siku ileile, na inawachukua kama miaka saba na nusu kumaliza karatasi 2,711. Wote wanafuata hesabu ya fundi wa Venice wa miaka 500 iliyopita.

Sasa swali ambalo ndo msingi wa yote: kama vilichapwa, tena mia kadhaa kwa toleo, mbona vimebaki vichache hivi?

Watu wengi wanadhani kitabu kinaadimika kwa sababu ya uzee. Hapana. Uzee peke yake hauadimishi kitu, kuna vitabu vya Kilatini vya 1490 ambavyo kopi zake ni mamia na ukiwa na mshahara mzuri unaweza kununua. Vitabu vya sheria ya Kiyahudi vimeadimika kwa sababu mbili kubwa, vilisomwa mpaka vikaisha, na vilichomwa moto.

Ya kwanza inaeleweka. Hiki sio kitabu cha kupamba sebule. Wanafunzi wamekilalia, kidole kimepita mstari kwa mstari, mafuta ya taa yamemwagika, kimehama na mwenyewe kutoka mji mmoja wa kufukuzwa kwenda mwingine. Kikichakaa hakitupwi jalalani, kwa kuwa kina jina la Mungu ndani yake, kinawekwa stoo ya sinagogi au kinazikwa makaburini kwa heshima. Waislamu wa pwani wanaijua adabu hii kwa misahafu iliyochakaa. Kwa hiyo kopi nyingi za matoleo ya mwanzo ziko ardhini kihalali kabisa, zimefanya kazi yake zikaisha.

Ya pili inauma. Mwaka 1550 pale Venice kulitokea ugomvi wa biashara tu. Rabi Meir wa Padua alitengeneza toleo la Mishneh Torah la Maimonides akishirikiana na mchapaji Alvise Bragadin, na mshindani wao Marco Antonio Giustiniani akatoa la kwake kwa bei ya chini kwa makusudi. Wote wawili wachapaji walikuwa Wakristo. Moses Isserles, akiwa bado kijana kule Krakow, akatoa hukumu kwamba Wayahudi wasinunue la Giustiniani, na wasomi wa sheria wa leo bado wanaisoma hukumu ile kama moja ya za mwanzo kuhusu haki ya mchapaji. Kesi ikafika Roma, kila upande ukimshtaki mwenzie kwamba anachapa vitu vinavyoutukana Ukristo. Sio hilo peke yake lililoleta balaa, Kanisa lilikuwa limeshakaza kamba enzi zile, lakini mashtaka yale yalimwaga petroli. Tarehe 9 Septemba 1553, siku ya mwaka mpya wa Kiyahudi, Talmudi zilichomwa hadharani uwanja wa Campo de' Fiori, Roma. Mwezi uliofuata ikawa zamu ya Venice, palepale zilipochapwa. Mwaka 1559 Cremona, maelfu ya vitabu. Kazi ya Bomberg na Giustiniani ikageuka majivu ndani ya miaka michache, na iliyosalia ikawa ya kufichwa.

Vilivyoruhusiwa kuendelea kuwepo vilipita kwa wakaguzi wa Kanisa. Wengi wao walikuwa Wayahudi waliobatizwa, kwa sababu ndo wanaojua kusoma, kama Domenico Gerosolimitano ambaye saini yake utaikuta kwenye karatasi za mwisho za vitabu vingi vya Italia. Walikuwa wanapita na kalamu wanafuta maneno kama "goi", yani mtu asiye Myahudi, au sentensi nzima. Na hata kuchapa kwenyewe kulibadilika, Talmudi ya Basel ya 1578 hadi 1581 ilitoka bila sehemu nzima inayohusu kuabudu sanamu. Kitu kizuri ni kwamba wino wa wakaguzi mara nyingi umefifia haraka kuliko wino wa chapa, kwa hiyo leo ukishika kopi kama hiyo mwangani unasoma vizuri kabisa kile walichotaka usikisome.

Hapa mi natofautiana na wakusanyaji wanaotafuta kopi safi isiyo na doa. Kopi yenye saini ya mkaguzi, yenye tone la nta, yenye noti ya mwanafunzi pembeni kwa mwandiko mdogo, hiyo imebeba habari ambayo kopi safi haina. Bei ya soko kweli mara nyingi inaenda kwa safi, lakini hata soko limeanza kubadilika.

Na mfano mkubwa kuliko yote wa kopi safi ni ile Talmudi ya Bomberg iliyouzwa Sotheby's Desemba 2015 kwa dola milioni 9.3. Iliwezekanaje ikawa safi vile? Kwa sababu ilikaa karne nyingi kwenye maktaba ya Westminster Abbey, kanisa la wafalme wa Uingereza, ambako hakuna mwanafunzi wa Talmudi aliyeigusa na hakuna mtu aliyekwenda kuichoma. Jack Lunzer, mfanyabiashara wa almasi wa London, aliiona kwenye maonyesho miaka ya 1950, akaisubiri karibu robo karne, na mwaka 1980 akaipata kwa kubadilishana na nakala ya zamani sana ya hati ya Abbey yenyewe. Maktaba yake, Valmadonna, ilikuwa na vitabu kama 13,000, na sehemu kubwa iliyobaki ilinunuliwa mwaka 2017 kwa ajili ya Maktaba ya Taifa ya Israeli. Kwa hiyo ile bei ya dola milioni 9.3 imetokana na seti kuwa kamili, kurasa kuwa safi, na historia yake kujulikana hatua kwa hatua. Kitabu kimoja cha Bomberg kilichokatika mwanzo na mwisho, chenye matundu ya wadudu, kinauzwa sehemu ndogo mno ya hapo.

Kuna vya umri mdogo vinavyoshinda vya zamani. Talmudi za Slavita, Ukraine, za mwanzoni mwa karne ya 19, zinagombewa sana kwa sababu familia iliyozichapa ilitokana na rabi anayeheshimiwa na Wahasidi, kundi la Wayahudi wacha Mungu lililoanzia Ulaya ya Mashariki, na watu wanaamini kuna baraka ndani yake. Wakati huohuo Biblia au kitabu cha sala cha 1870 kilichochapwa Vienna au Warsaw, hata kiwe na jalada la kupendeza vipi, wauzaji wengi hawakihitaji, maana vilichapwa kwa wingi mno. Watu wanavunjika moyo wakiambiwa hivyo kuhusu kitabu cha babu lakini ndo hali halisi.

Vile vya ngozi na dhahabu vya kwenye klipu sasa. Wataalamu waliotazama picha za vitabu vya aina hiyo wamesema mara kwa mara ni kazi za juzi tu za kuwauzia watalii na wajanja, maandishi hayana maana au yamekosewa herufi, na michoro imepachikwa pachikwa. Vitabu vya sheria vya kweli vilivyochapwa karne ya 15 na 16 kwa kawaida havina maandishi ya dhahabu. Ni karatasi ya matambara, wino mweusi, mistari iliyobanana. Vichache vya fahari vilichapwa kwenye ngozi laini au karatasi ya bluu, lakini hivyo navyo maandishi kwa kawaida ni meusi. Na sio kila chenye herufi za Kiebrania ni kitabu kitakatifu, inaweza kuwa hadithi ya mapenzi kwa Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki, au gazeti.

Tuseme umekutana na kimoja, utakijuaje? Kwanza kumbuka kinafunguliwa kutoka kulia, kwa hiyo "mwisho" kwako ndo mwanzo kwao. Vitabu vya mwanzo kabisa havina ukurasa wa jina, taarifa zote mchapaji aliziweka mwishoni, jina lake, mji, tarehe, shukrani kwa Mungu. Na karatasi za mwisho ndo huwa za kwanza kupotea, ndo maana kopi nyingi hazijitambulishi na mtaalamu analazimika kuhesabu mistari ya ukurasa, kupima herufi, na kutafuta alama ya maji, ile alama ya kiwanda inayoonekana ukiishika karatasi mwangani, akilinganisha na kopi kamili ya maktaba fulani.

Tarehe zinasumbua wageni lakini ni rahisi. Wayahudi wanahesabu miaka tangu kuumbwa kwa ulimwengu, na kila herufi yao ni namba pia. Mara nyingi wanaacha ile elfu tano wanaandika tu tarakimu tatu za mwisho. Wewe chukua hizo tatu ongeza 1240. Kitabu cha Reggio kimeandikwa 5235, chukua 235 ongeza 1240 unapata 1475. Uwe tayari kukosea kwa mwaka mmoja kwa kuwa mwaka wao unaanza Septemba au Oktoba. Wachapaji wengine walipenda kuificha tarehe ndani ya aya ya Biblia, herufi zilizokuzwa ndo unazijumlisha. Ni raha sana kuitegua, ila mtu akijumlisha herufi isiyohusika anakosea hata karne.

Halafu kuna maneno ya kukupoteza. Amsterdam ilikuwa na sifa kubwa kwa herufi nzuri, basi wachapaji wa miji midogo ya Ujerumani karne ya 18 waliandika kwenye ukurasa wa jina kwamba kitabu kimechapwa kwa herufi za Amsterdam, neno Amsterdam kubwa kama bango, mengine madogo kama siafu, na mji wa kweli uko chini kabisa. Kule Urusi nako, serikali ilipofunga viwanda karibu vyote vya Kiebrania mwaka 1836, wengine walichapa wakaweka tarehe ya nyuma ili kionekane cha kabla ya marufuku. Kwa hiyo ukurasa wa jina ni ushahidi wa kupima, usiumeze mzima.

Ulaghai upo wa aina nyingi lakini aina mbili ndo za kuziogopa. Kuna kopi za kuunganisha, kitabu kilichopungukiwa karatasi 10 kinajaziwa kutoka kopi nyingine mbovu au kwa karatasi za kuiga, halafu kinauzwa kama kizima. Kujazia sio kosa likitajwa, kosa ni kunyamaza. Na kuna saini za kughushi. Kitabu cha kawaida kikiwa na saini au noti ya rabi mkubwa bei yake inapaa mara kumi na zaidi, kwa hiyo kuna watu wanaochukua kitabu cha zamani cha kweli na kuandika jina la uongo. Wamiliki wa kweli wa zamani mara nyingi walitanguliza maneno ya Zaburi ya 24, nchi na vyote viijazavyo ni mali ya Bwana, ndipo wakaandika majina yao, kuonyesha kwamba kitabu kwanza ni cha Mungu. Mghushi naye anajua hilo, kwa hiyo kinachosaidia ni kulinganisha mwandiko na wino.

Na hapa linakuja jambo zito kuliko yote, ambalo nalo watu hawalisemi kwenye hizo klipu. Kitabu hiki kilitoka kwa nani?

Zamani wakusanyaji wakubwa walikuwa marabi wenyewe. David Oppenheim, rabi mkuu wa Prague aliyefariki 1736, alikusanya maelfu ya vitabu na akalazimika kuviweka Hanover, mbali na wakaguzi wa mji wake. Baada ya kuhangaika muda mrefu maktaba yake ilinunuliwa na Bodleian, maktaba ya Chuo Kikuu cha Oxford, mwaka 1829 kwa pauni 2,080 na mpaka leo iko pale. Hiyo ni historia safi, unaweza kuifuata.

Karne ya 20 sio safi. Wanazi wa Ujerumani walipora maktaba za Wayahudi Ulaya nzima, shule za marabi, masinagogi, nyumba za watu, na waliokuwa wakisoma vile vitabu wakauawa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Wamarekani walifungua bohari Offenbach karibu na Frankfurt, mwaka 1946, wakapitisha humo zaidi ya vitabu milioni 2 wakijaribu kuvirudisha. Vingi vilirudi kwenye nchi zake. Ila karibu nusu milioni havikuwa na wa kurudishiwa, jumuiya nzima hazipo tena, basi shirika maalum, ambalo mwanafalsafa Hannah Arendt alikuwa mtendaji wake, likavigawa Israeli, Marekani, Uingereza hadi Afrika Kusini, kila kimoja kikabandikwa karatasi ya kumbukumbu ndani ya jalada. Lakini vingine vilipita njia za panya, na bado vinaibuka sokoni. Mwaka 2021 waendesha mashtaka wa New York walikamata hati na magombo 17 ya jumuiya za Kiyahudi za Romania, Hungaria, Ukraine na Slovakia yaliyokuwa yanataka kupigwa mnada, yalipotea wakati wa mauaji ya Wayahudi.

Kwa hiyo muhuri wa sinagogi au wa shule kwenye kitabu sio pambo la kuongeza bei. Ni swali linalodai jibu. Mkusanyaji mwenye heshima anaulizia kwanza kilitokaje pale, na muuzaji akijikanyaga anaachana nacho hata kiwe nadra vipi. Mi kwa hili sina msimamo wa kati, kitabu cha watu waliouawa hakinunuliwi kimyakimya.

Siku hizi kazi ya kufuatilia imekuwa nyepesi kuliko zamani. Chuo Kikuu cha Columbia na wenzake wana mradi uitwao Footprints unaoandika safari ya kila kopi, nani aliisaini, mji gani, mwaka gani, na mtu yeyote mwenye kitabu anaweza kuchangia. Maktaba ya Taifa ya Israeli ina orodha kubwa ya vitabu vya Kiebrania vilivyochapwa na picha za vingi, na tovuti ya HebrewBooks ina makumi ya maelfu ya vitabu vya sheria vya kusoma bure, matoleo ya zamani yakiwemo.

Kama kitabu cha herufi za Kiebrania kimeangukia mikononi mwako, kwa urithi au duka la mitumba au kanisani, usikisafishe, usibandike selotepu, usikipeleke kwa fundi wa majalada wa mtaani. Piga picha ukurasa wa kwanza na wa mwisho, kila muhuri, kila mwandiko wa pembeni, na ndani ya majalada yote mawili, kwa sababu wachapaji na wafunga vitabu walikuwa wanatumia karatasi chakavu kujazia jalada na mara nyingine kipande kilicho humo ni cha zamani kuliko kitabu chenyewe. Tuma picha kwa maktaba yenye kitengo cha Kiebrania, ulizia, halafu subiri jibu kabla hujakubali bei ya mtu yeyote.